Acheni Kuisingizia Lancaster

Pita Bustani ya Jeevanjee katikati ya Nairobi adhuhuri yoyote ya siku ya kazi, pale wajuzi wa siasa wanapokutana chini ya miti kubishana. Ngoja mjadala ufike kwenye ufisadi, ukabila au madeni ya taifa. Hautapita muda kabla msemaji mmoja hajatoa ile hukumu ambayo wenzake huiitikia kwa kichwa: nchi hii iliharibiwa mwanzoni, na iliharibiwa London. Wamarekani, atasema, walimfukuza Mwingereza kwa bunduki, wakakaa wenyewe Philadelphia, wakajiandikia katiba, na katiba hiyo ingali hai. Sisi yetu tuliandikiwa na mkoloni katika jumba la Lancaster, tukapewa bendera na wimbo, tukarudi nyumbani na serikali ambayo kamwe haikuwa yetu. Ndiyo maana ilikufa mapema.

Wa Jeevanjee hawako peke yao. Wahadhiri hufundisha hivyo, mawakili huandika hivyo, na mwanasiasa anayetaka kura ya maamuzi huanzia hapohapo. Ni hoja tamu, kwa kuwa inamgeuza kila Mkenya mdhulumiwa na haimwachi hata mmoja mshtakiwa. Ila si ya kweli. Katiba ya Lancaster haikufa kwa ugonjwa iliozaliwa nao. Iliuawa hapa Nairobi, mchana kweupe, ndani ya jengo lenye mnara wa saa pale Parliament Road, na watu tuliowachagua kwa kura zetu. Walichokitenda kimeandikwa katika Hansadi, na yeyote anaweza kukisoma.

Tuanze na hilo la kuandikiwa. Mwingereza alijaribu kweli kutuandikia katiba, na si mara moja. Mwaka 1954 Oliver Lyttelton, Waziri wa Makoloni, alileta ya kwake. Waafrika wanane waliochaguliwa Machi 1957, Tom Mboya wa Nairobi akiwa mmoja wao, waliikataa na wakakataa uwaziri waliotengewa ndani yake. Ikakwama. Mrithi wake, Alan Lennox-Boyd, akaja na nyingine kabla mwaka haujaisha. Nayo wakaikataa, wakawakemea vikali Waafrika wenzao waliokubali viti vyake, hata Mboya na wenzake wakafikishwa mahakamani Nairobi mwaka 1958. Katiba mbili za London, zote mbili zilikwama Nairobi kwa sababu Waafrika hawakukubali kuzitumikia. Hao ndio watu tunaoambiwa leo kwamba walikwenda Lancaster kupokea walichopewa.

Tena hawakwenda mikono mitupu. Nyuma yao kulikuwa na umati uliomiminiwa risasi tarehe 16 Machi 1922 ulipokwenda kudai Harry Thuku aachiliwe, mjini humuhumu, karibu na hoteli ya Norfolk, na Muthoni Nyanjiru akafa mstari wa mbele. Kulikuwa na mgomo wa wafanyakazi wa Nairobi wa Mei 1950, baada ya Fred Kubai na Makhan Singh kukamatwa. Kulikuwa na Operesheni Anvil ya Aprili 1954, wanajeshi walipouzingira mji mtaa kwa mtaa na kuwasomba makumi ya maelfu ya watu hadi kambini. Kulikuwa na wale wa msituni, wapiganaji wa Mau Mau. Mkoloni aliitisha mkutano wa Lancaster Januari 1960 kwa kuwa nchi ilikuwa imemshinda kuitawala kwa njia nyingine. Asiwepo mtu wa kutuambia kwamba ulikuwa ukarimu.

Na ndani ya jumba lenyewe? Ujumbe wa Waafrika mwaka 1960 uliongozwa na Ronald Ngala, Mboya akiwa katibu. Mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall, wakili mweusi wa Marekani aliyekuwa ameshinda kesi ya mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi katika shule za nchi yake, na ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu huko. Yeye ndiye aliyeandaa rasimu ya sura ya haki za binadamu. Kwa hiyo wanaotamani tungalichota kidogo kutoka Marekani wajue tulichota, na tulichota kwa mtu aliyezijua kasoro za katiba ya Marekani kuliko wanaoisifu.

Mkutano wa pili, wa 1962, ndio uliotuletea majimbo. Hapa pia simulizi ya Jeevanjee hukosea njia. Majimbo yalikuwa dai la KADU, chama cha Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, waliohofia kwamba jamii kubwa zingemeza ndogo. Walowezi waliwapigia debe, naam, kwa sababu zao wenyewe. Lakini hofu ilikuwa ya Wakenya, na ubishi ulikuwa wa Wakenya kwa Wakenya: KANU ya Jomo Kenyatta upande mmoja, KADU upande wa pili, Waingereza katikati wakitafuta mlango wa kutokea. KANU iliyachukia majimbo, ikatia sahihi hata hivyo ili uhuru usicheleweshwe, ikiwa na nia ya kuyavunja baadaye. Katiba iliyotoka humo ilikuwa ya maafikiano yenye uchungu. Nitajieni katiba moja duniani ambayo haikuwa hivyo.

Hiyo ya Philadelphia? Haya, tuitazame bila miwani ya sinema. Vita vya Wamarekani vilianza mwaka 1775, tangazo la uhuru likatoka tarehe 4 Julai 1776, na ushindi wa Yorktown mwaka 1781 usingepatikana bila jeshi na manowari za Wafaransa. Uhuru wao nao ulitambuliwa mezani, Paris, mwaka 1783, mbele ya Mwingereza yuleyule. Katiba yao ya kwanza, iliyoanza kutumika 1781, waliiandika wenyewe bila mkono wa mgeni, nayo ikashindwa kazi. Serikali kuu haikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, na wakulima wenye madeni wa Massachusetts walipoasi mwaka 1786 haikuwa na nguvu ya kufanya lolote la maana. Basi mwaka 1787 wajumbe 55 walijifungia Philadelphia, milango na madirisha yamefungwa, wakakubaliana kutotoa siri za kikao. Hapakuwa na mwanamke, hapakuwa na mtu mweusi. Rhode Island ilikataa hata kutuma mjumbe. Waliotia sahihi ni 39. Ndani ya hati hiyo mtumwa alihesabiwa kuwa tatu kwa tano ya mtu, ili mabwana zake wapate viti zaidi bungeni. Deni la maafikiano hayo lililipwa kwa vita vya 1861 hadi 1865, vilivyoua zaidi ya watu laki sita.

Hiyo ndiyo katiba ambayo eti ilidumu kwa sababu ya usafi wa kuzaliwa kwake. Haikuwa na usafi wowote. Ilidumu kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo tusiyotaka kuisikia hapa kwetu.

Mwaka 1798, hata miaka kumi haijatimia tangu serikali mpya ianze kazi, watawala wa Marekani walipitisha sheria ya uchochezi iliyofanya kuwaandika vibaya wakubwa wa serikali kuwa kosa la jinai. Wahariri walifungwa. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa, na wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa jela. Upinzani wa Thomas Jefferson haukuvunja chama ili upewe wizara. Ulibaki nje, ukapiga kelele, ukashinda uchaguzi wa 1800, na sheria ile ikaachwa ife mwaka uliofuata. Mwaka 1937 Franklin Roosevelt, aliyekuwa ametoka kushinda majimbo 46 kati ya 48, alitaka kuongeza majaji wa Mahakama ya Juu ili apate hukumu alizozipenda. Seneti ilikuwa mikononi mwa chama chake. Maseneta wa chama hichohicho ndio waliomkatalia. Hawakuwa malaika, wengi wao walikuwa wabaguzi wa rangi waliokubuhu. Lakini walijua tofauti kati ya kumuunga mkono rais na kumkabidhi funguo za nyumba yote.

Sasa turudi Parliament Road tuone wetu walifanya nini.

Katiba tuliyoingia nayo uhuruni tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa na kinga nzito. Ili kuibadili ilihitajika asilimia 75 ya kura katika Baraza la Wawakilishi na katika Seneti pia. Kwa yale mambo ya msingi kabisa, yakiwemo haki za raia, majimbo na Seneti yenyewe, ilihitajika asilimia 90 ya Seneti. Seneti ilikuwa na viti 41. Piga hesabu: maseneta watano wenye msimamo walitosha kuzuia badiliko lolote kubwa. Watano. KADU ilikuwa nao zaidi ya idadi hiyo, na mabwana wa London walikwisha kufungasha wakaenda zao. Hapakuwa na Mwingereza wa kumlazimisha seneta hata mmoja kuinua mkono.

Serikali ya Kenyatta ilianza kwa kuyanyima majimbo pumzi: madaraka na fedha yalizoahidiwa vikacheleweshwa. Mbunge mmojammoja wa KADU akavuka sakafu kwenda upande wenye magari na vyeo. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba chama kimevunjwa na watu wake wanajiunga na KANU, kwa ajili ya umoja wa taifa. Mwezi uleule kinga ya asilimia 90 ikarukwa bila jasho. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri yenye rais mwenye mamlaka ya utendaji, na mswada wenyewe ulikuwa umesimamiwa na Mboya, Waziri wa Sheria na Masuala ya Katiba. Moi, aliyekuwa nguzo ya majimbo, akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ngala akaingia barazani mwaka 1966. Huo ndio umoja wa taifa.

Atatokea wa kusema: lakini majimbo yalikuwa mabaya, ya ukabila na ya gharama, na nchi changa ilihitaji serikali moja imara. Tuseme hivyo. Kaskazini Mashariki palikuwa na vita vya kujitenga, na Kenyatta alikuwa na hoja. Basi yaondoeni majimbo, mtulie. Hawakutulia. Mwaka 1965, majimbo yakiwa yamekwisha kufa kwa maana yoyote ya kweli, Bunge lilishusha kinga ya katiba nzima, sura ya haki za raia ikiwamo, hadi asilimia 65. Hatua hiyo haikuhitajika kuondoa majimbo. Ilihitajika kwa yaliyokuwa yanakuja.

Na yalikuja. Aprili 1966 Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais, akaondoka KANU, akafuatwa na wabunge na maseneta waliounda chama kipya cha upinzani, KPU. Kwa haraka ya ajabu Bunge likapitisha marekebisho kwamba anayehama chama kilichompeleka bungeni apoteze kiti na arudi kwa wapiga kura. Sheria nzuri, utasema. Ingekuwa nzuri zaidi kama ingepitishwa mwaka 1964, pale KADU nzima ilipohamia KANU na hakuna aliyeulizwa lolote na mpiga kura. Kuhama kuelekea serikalini kulikuwa uzalendo. Kuhama kutoka serikalini kukawa kosa la kikatiba. Miezi michache baadaye wabunge haohao waliipanulia serikali njia ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na waliokuwa wa kwanza kulipa ni watu wa KPU.

Desemba 1966 ndio mwezi ninaoomba kila mtetezi wa hoja ya Lancaster ausome kwa makini. Seneti, ile nyumba iliyojengwa ili iwe breki, ilipiga kura ya kujiondoa duniani. Kwa bei gani? Maeneo ya uwakilishi yaliongezwa 41 katika bunge jipya la nyumba moja, na maseneta wote wakapewa viti hivyo bila kuchaguliwa upya. Uhai wa Bunge ukasogezwa mbele hadi 1970. Kila aliyepiga kura ya ndiyo alijipa mshahara wa miaka zaidi. Hakuna bunduki iliyohitajika, hakuna gavana, hakuna Waziri wa Makoloni. Mwaka 1968 mabaki ya mabaraza ya majimbo yalifutwa na wagombea huru wa urais wakafungiwa mlango. Kufikia mwisho wa mwaka huo, katiba ambayo tunaambiwa iliandikwa vibaya London ilikuwa imerekebishwa mara kumi mjini Nairobi. Huwezi kumlaumu fundi wa mlango kwa wizi uliokupata, ikiwa wewe mwenyewe uling'oa bawaba ukaziuza.

Najua majibu yanayokuja, na mawili kati yake yanastahili heshima.

La kwanza ni ardhi. Katiba ya Lancaster ililinda mali kwa kutaka fidia kamili, na mashamba ya walowezi yakanunuliwa kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia badala ya kurudishwa kwa walionyang'anywa. Katika hili London haikosi lawama, na mwenye kuitetea atafute wakili mwingine. Ila tazameni jambo moja. Mikono ile iliyobomoa majimbo, ikafuta Seneti na kufungua milango ya vizuizini haikukigusa kiini cha kifungu cha mali. Walikuwa na asilimia 65 zao, walikuwa na bunge lisilo na upinzani wa maana, na fidia kamili ikabaki palepale ilipoachwa na mkoloni. Kifungu hicho kilisema mwenye shamba alipwe. Hakikusema shamba likishalipiwa limwendee waziri. Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, alilipigia kelele suala la ardhi ya wasio na kitu, na mwaka 1964 akaondoka katika unaibu waziri. Waliobaki walielewa somo, na si somo lililofundishwa na Mwingereza.

La pili ni hofu. Mbunge Pio Gama Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands tarehe 24 Februari 1965. Mboya aliuawa tarehe 5 Julai 1969 kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, hatua chache kutoka ilipo sanamu yake. Mbunge J. M. Kariuki, aliyeuawa pia, alionekana kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton Machi 1975. Ni nani angethubutu kusema la? Hoja ina uzito, lakini tarehe haziiungi mkono. KADU ilijivunja mwaka 1964, kabla damu ya Pinto haijamwagika. Seneti ilijiuza 1966 kwa viti, na viti si vitisho. Hofu kubwa ilikuja baada ya kinga kuondolewa, na ilikuja kwa sababu iliondolewa. Mboya mwenyewe, bingwa wa vyama vya wafanyakazi aliyesimamia mswada wa 1964, alikufa katika nchi ambayo rais wake hakuwa tena na wa kumwuliza swali. Sisemi hivyo kwa kumkejeli marehemu. Ninasema hata mwenye akili kuliko wote katika kizazi chake alidhani mamlaka anayomkabidhi mkubwa hayatamgeukia yeye.

Wapo pia wanaotaja sheria za kikoloni zilizobaki: ya machifu, ya mikutano ya hadhara, ya uchochezi. Zilibaki, kweli. Lakini sheria ya kawaida hufutwa kwa wingi mdogo tu wa kura, na Bunge lilikuwa na uwezo huo tangu siku ya kwanza. Halikuzigusa kwa uzito hadi mwaka 1997, maandamano ya mjini yalipokuwa yamewafikisha ukutani. Kizazi kizima cha wabunge kilizikuta silaha za mkoloni kabatini, kikazisafisha, kikazitumia.

Na ilipofika 1982, Kenya ikifanywa kwa sheria nchi ya chama kimoja, mswada uliletwa na Charles Njonjo na kuungwa mkono na Mwai Kibaki, ukapita Bunge la Wakenya watupu bila upinzani wa maana. Walioufuta kwa hakika hawakuwa wabunge. Walikuwa wale wa Saba Saba pale Kamukunji mwaka 1990, na akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokesha pembeni mwa Uhuru Park mwaka 1992 pamoja na Wangari Maathai, wakapigwa, wakahamia kanisa la All Saints, wakaendelea. Miaka thelathini kazi ya kulinda serikali isigeuke ufalme ilifanywa mitaani na watu wasio na mshahara wa umma, huku waliokula kiapo cha kuifanya wakiwa wameketi viti vya ngozi.

Kama ubaya wetu ungekuwa wa mwandishi, basi 27 Agosti 2010 ungekuwa mwisho wake. Siku hiyo katika Uhuru Park ilizinduliwa katiba ambayo hakuna anayeweza kudai tuliandikiwa. Tume ya Yash Pal Ghai ilizunguka nchi nzima ikisikiliza watu. Wajumbe wa mkutano wa katiba walijadiliana Bomas. Mwaka 2005 wakubwa walipojaribu kuichakachua rasimu, wananchi waliikataa kwa kura. Mwaka 2010 asilimia 67 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Haya ndiyo mazingira ambayo Wamarekani wa 1787 hawakuwahi kuyakaribia, wao na madirisha yao yaliyofungwa.

Imelindwaje tangu hapo? Katiba inasema si zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa wawe wa jinsia moja. Bunge lilikataa mara kwa mara kutunga sheria ya kutekeleza hilo, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais tarehe 21 Septemba 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Fedha za kaunti huchelewa leo kama za majimbo zilivyochelewa mwaka 1963. Februari 2021 mabunge ya kaunti zaidi ya 40 yalipitisha mswada wa BBI wa kuibadili katiba hiyo, mwezi uleule wawakilishi wadi walipoidhinishiwa ruzuku ya magari. Seneti ya 1966 ilijiuza kwa kiti, wajukuu wake wakajiuza kwa gari. Mei Bunge likaupitisha kwa kura nyingi. Walioukwamisha ni wananchi wachache waliokwenda mahakamani, na majaji wa Milimani waliotoa hukumu tarehe 13 Mei 2021. Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao Agosti, na Mahakama ya Juu Machi iliyofuata ikafunga mlango.

Linganisheni hizo mbili. Katiba ya wageni, ya maafikiano ya London, iliuzwa na wabunge wetu. Katiba ya wenyeji, iliyoandikwa kwa machozi yetu, imetiwa mnadani na wabunge wetu. Kilichobadilika ni mwandishi. Muuzaji ni yuleyule. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi kwa miaka sitini tumekuwa tukikitafuta ng'ambo ya bahari.

Kosa hili lina gharama. Anayeamini ugonjwa uko kwenye maandishi ataomba maandishi mapya kila uchaguzi unapokaribia, na wanasiasa wanajua kuitumia imani hiyo. Kila miaka michache huja kamati, huja jopo, huja safari za kukusanya maoni, na ndani ya mfuko wa kila rasimu hukosi kukuta vyeo vipya vya kugawana. Hoja ya Lancaster ndiyo inayowafungulia njia. Pia huwafanya vijana wadhani taifa lao lilizaliwa na kilema kisichoponyeka, wakati kasoro yenyewe ni ya watu wenye majina, waliopiga kura siku fulani ndani ya jengo linalojulikana lilipo.

Vijana, kwa bahati, wameanza kulielewa hilo kuliko walimu wao. Tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Majina ya wote 195 yalizunguka kwenye simu, mbunge mmoja baada ya mwingine, pamoja na eneo analowakilisha. Vijana waliingia Bungeni siku hiyohiyo. Wengine walipigwa risasi nje ya lango na hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata rais alikataa kuutia sahihi mswada. Hakuna aliyebeba bango la kumshutumu Macleod au Maudling, Mawaziri wa Makoloni wa siku za Lancaster. Walimjua wa kumuuliza.

Hiyo ndiyo kazi, na haihitaji katiba mpya. Kila marekebisho ya katiba yanapokuja Bungeni, kura yake ihesabiwe kwa majina, na majina hayo yabandikwe katika kila soko na kila kituo cha matatu cha eneo la mbunge husika, kutoka Kangemi hadi Dagoretti. Mwaka 1964 maseneta watano wangetosha kuiokoa katiba ya kwanza, na wapiga kura wao hawakujua hata wangewauliza nini. Wetu tunawajua kwa sura, kwa namba za simu na kwa kura walizopiga. Safari hii wakiiuza, lawama haitafika London. Itaishia kwao waliouza, na kwetu tuliowarudisha.